Barua ya wazi: Mnaturuhusu twende nyumbani, mmeuliza nyumbani ni wapi?

Kwa Mheshimiwa Waziri wa Afya, kwa Mganga Mkuu wa Serikali, kwa Waganga Wakuu wa Mikoa ya Mbeya, Songwe, Njombe na Iringa, na kwa wakurugenzi wa hospitali zote zinazofanya upasuaji wa kupunguza unene.

YAH: SISI TULIOPUNGUZWA TUMBO TUNAOISHI NYANDA ZA JUU KUSINI

Husikeni na kichwa cha habari hapo juu.

Mimi ni mwalimu wa sekondari, naishi Uyole, Mbeya. Kabla sijapasuliwa nilikuwa na kilo 131, na kilo hizo nilizijua kwenye mzani wa mazao. Mzani wa wodi niliyolazwa kwa ajili ya sukari, hapa hapa mkoani, uliishia 120. Muuguzi alipoona mshale umegota mwisho akasema kwa sauti iliyotosha wodi nzima, "Mwalimu, wewe labda tukupeleke soko la SIDO wakakupime na mahindi." Watu wakacheka. Nikacheka na mimi, maana bonge hujifunza mapema kuwahi kucheka kabla ya wenzake. Jumamosi iliyofuata nikaenda kweli kwa mfanyabiashara mmoja wa mahindi tunayefahamiana, nikavua viatu, nikapanda katikati ya magunia yake. Akasoma, akasoma tena. "Gunia na debe moja na nusu, Mwalimu," akasema, kama anayeniandikia risiti. Yeye hakucheka.

Kitambaa cha kupimia presha nacho kilikuwa na visa vyake. Kikijazwa upepo kinafunguka chenyewe, kwaaa, muuguzi anakikaza kwa kiganja. Nilikuja kuelezwa Dar es Salaam kwamba kitambaa kidogo kwenye mkono mnene hutoa presha ya juu kuliko iliyopo. Walipotoa kipana, namba ikashuka hadi nikamwomba dada wa watu apime tena. Nilikuwa nameza dawa mbili za presha wakati huo.

Naeleza haya ili mjue sikupasuliwa kwa ajili ya gauni. Nilikuwa na sukari mwaka wa tisa, magoti yalikuwa hayanipandishi ngazi za darasa la juu, na usiku mume wangu alikuwa akiniamsha kwa sababu nakoroma halafu nakata pumzi. Uwiano wa uzito na urefu wangu ulisoma 49, wakati unaohesabika kuwa wa afya haufiki 25.

Huku kwetu, Waheshimiwa, tunajulikana kwa udumavu. Kila kiongozi anayepanda jukwaani Iringa au Njombe anaanza nao, na ana haki: utafiti wa taifa wa 2022 uliikuta Iringa ikiongoza nchi nzima, asilimia 56.9 ya watoto walio chini ya miaka mitano wamedumaa, Njombe ikifuata kwa asilimia 50.4. Basi mtu mnene anapotokea mikoa hii anaonekana ndiye aliyeshiba, hana shida. Lakini utafiti kama huo wa 2015/16 ulishakuta wanawake 28 katika kila 100 wa umri wa miaka 15 hadi 49 nchini wana uzito uliozidi, na wataalamu wenu wa lishe wenyewe wanafundisha kwamba mtoto aliyedumaa yuko karibu zaidi na unene na sukari akiwa mkubwa. Kwa hiyo watoto wale wa kwenye hotuba watakuja kuwa wagonjwa wa aina yangu.

Sasa niwaeleze kuhusu daktari wangu wa upasuaji. Huduma hizi siku hizi zipo nchini, Mloganzila wanazitoa kwa upande wa serikali, na zipo za binafsi. Mimi nilipasuliwa kwenye hospitali ya binafsi, Dar, ambayo siitaji, na daktari simtaji, kwa sababu sina kesi na mikono yake. Ni mikono ya fundi cherehani. Siku ya kwanza aligeuza fomu ya maabara akanichorea tumbo kwa kalamu, akakata kwa mstari: hapa tunatoa takriban asilimia 80, hapa tunapiga stepla, kinachobaki kina umbo la ndizi. Mimi ni Mnyakyusa wa Rungwe, nikamwuliza ndizi gani, maana sisi tunazo za aina nyingi. Akacheka, akafikiri, akasema mzuzu. Akaniambia bila kuficha kwamba kilichokatwa hakirudishwi. Matundu matano madogo, jioni ile ile wakanitoa kitandani nitembee koridoni na dripu yangu mkononi, damu isije ikaganda miguuni, donge likakimbilia mapafuni. Nilimpenda daktari yule na bado nampenda.

Siku ya tatu akapita asubuhi na wenzake, akaangalia vidonda, akasema, "Mama, unaruhusiwa kwenda nyumbani."

Nyumbani kwangu ni zaidi ya kilomita 800 kutoka kitanda kile. Nilipumzika Mbagala kwa shemeji yangu siku nne, halafu nikapanda basi. Nilikaa dirishani tangu alfajiri. Mikumi sikushuka kwa kuogopa kukanyagwa na watu mlangoni. Ruaha Mbuyuni wenzangu wananunua vitunguu, mimi nimeshika chupa ya maji nanywa kifuniko kimoja kimoja kama nilivyoelekezwa. Kwenye kona za Kitonga nilijifunga kanga tumboni kwa nguvu nikawa nasali. Tulifika Uyole giza limeingia, na miguu yangu ilikuwa imejaa hadi ndara hazivuliki. Mtu niliyezuiwa kulala kitandani saa chache baada ya kupasuliwa, kwa hofu ya damu kuganda, wiki ile ile nikakalishwa kwenye kiti cha basi mchana kutwa.

Niliporudi kliniki nikamsimulia. Akaweka kalamu chini. "Mbona hukuniambia unaishi Mbeya?" Nikamjibu, "Daktari, mbona hukuniuliza?" Tukafungua faili. Limeandikwa Mbagala, kwa sababu mapokezi walitaka makazi ya ndugu wa karibu, nikataja ya shemeji, na hakuna aliyegusa tena sehemu ile ya karatasi. Akasema angejua angenichelewesha, au angenipa sindano za kuzuia damu isigande za kuondoka nazo, na angenikataza kukaa bila kushuka kila baada ya saa mbili. Ni sentensi moja tu ndiyo ilikosekana, na sioni kwamba kuiuliza ni kazi ya daktari peke yake. Muuguzi anayetoa kanyula, ile sindano ya dripu mkononi, anaweza kuuliza. Mhasibu anayepokea hela anaweza kuuliza, maana huyo hakosi kukuona.

Hilo lilipita salama. La pili ndilo nusura liniondoe.

Wiki ya nne nilianza kutapika. Mwanzoni uji, baadaye supu, mwisho hata maji. Zahanati walinipima malaria, hakuna, wakanipa dawa za vidonda vya tumbo. Nikarudi, wakaongeza. Siku ya kumi na mbili miguu ikaanza kufa ganzi, nikawa natembea kama mtu aliyevaa gamboti lenye maji ndani, na ubaoni nikaona kila herufi iko mbili. Ilikuwa Julai, mnaijua baridi ya Uyole. Mume wangu alinifunga blanketi mbili, tukachukua bajaji usiku hadi hospitali moja ambayo nayo siitaji.

Muuguzi wa zamu alisikia kisa chote akasema, "Uliyataka mwenyewe, mama. Mungu kakupa mwili, wewe ukaukataa." Akatundika dripu ya glukosi. Sina hakika hata alikuwa na nia mbaya; alikuwa peke yake na wagonjwa wengi. Akaja kijana, daktari wa intani, sweta jeusi limechomoza kwenye mikono ya koti. Nikampa karatasi ya kuruhusiwa niliyotoka nayo Dar. Kwa upasuaji wa kukata tumbo la mtu, karatasi ile ilikuwa na mstari mmoja wa Kiingereza na herufi tatu: LSG, kifupi cha jina la upasuaji wenyewe kwa Kiingereza. Yule kijana hakuona haya kusema hazijui. Akasogea dirishani kwenye mtandao, akasoma kwenye simu yake, mimi namtazama mwanga wa kioo usoni. Akarudi kwa haraka, akabana kwa kidole gumba kile kigurudumu cha kwenye mrija wa dripu.

"Sista, hii isubiri kwanza. Tuna vitamini B1 ya sindano?"

Mkimaliza barua hii mmesahau yote, hili la B1 naomba mlikumbuke. Mtu aliyepunguzwa tumbo akitapika wiki mbili, akiba yake ya vitamini hiyo inakwisha. Ukimwekea maji ya sukari kabla ya vitamini, kile kidogo kilichobaki mwilini kinatumika kuichoma sukari, na ubongo ndio unaoumia, pengine moja kwa moja. Kinachotakiwa ni sindano kwanza, dripu baadaye. Dawa yenyewe haina bei ya kutisha. Kutokujua ndiko kungenigharimu.

Kijana alimpigia daktari wangu hadi saa kumi alfajiri alipopokea, na hapo nampa daktari wangu haki yake: wakaongea karibu nusu saa, nasikia yule anayechorea ndizi anamwelekeza mwenzake hatua kwa hatua. Ile ndizi yangu ilikuwa imejikunja katikati kama mpira wa maji, ikawa chakula hakipiti. Nilirudishwa Dar, wakapitisha kamera mdomoni na kuipanua kwa puto dogo, mara mbili. Kabla ya simu ile ya alfajiri, lakini, mume wangu alikuwa ameshapiga simu ya hospitali yao mara tatu. Dada aliyepokea alitaka namba ya risiti.

Kuna la tatu, nitalisema kwa kifupi. Baada ya upasuaji huu sukari inaweza kushuka ndani ya siku chache, kabla hata uzito haujapungua. Nilikuwa natumia metformini na glibenklamidi. Dar waliniambia nikamwone daktari wangu wa sukari. Kliniki ya sukari huku faili langu halikuwa na habari zozote za upasuaji, nikapewa fungu langu lile lile la kila mwezi. Nilianguka kidato cha pili B nikiwa nasahihisha madaftari. Mtoto mmoja wa dawati la mbele aliniwekea pipi mdomoni kwa sababu bibi yake ana sukari. Hapo kulikuwa na madaktari wawili wazuri wa mgonjwa mmoja, na aliyebeba taarifa kati yao ni mimi, ambaye sikujua nabeba nini.

Siko peke yangu. Tunafahamiana wachache huku kusini, tunapigiana simu. Yuko dereva wa malori wa Tunduma aliyewekewa puto tumboni. Puto la aina yake hukaa kwa kawaida miezi sita, kisha hutolewa. Mwezi wa sita ulipita akiwa safarini Zambia na hakuna aliyempigia. Siku moja mkojo ukatoka wa kijani. Mke wake akasema mtu kalogwa, wakaenda Vwawa kwa mganga kabla ya kwenda hospitali. Ile rangi iliwekwa makusudi na waliotengeneza matibabu hayo: maji ya puto hutiwa dawa ya bluu ili likipasuka mkojo ukuambie, uwahi kabla mpira haujateremka ukaziba utumbo. Mbinu nzuri mno, ila haina faida kwa mtu ambaye hakuambiwa. Wakati puto linaingia alikuwa usingizini, na wakati wa maelezo, anasema, alikuwa bado analewalewa.

Yuko binti wa Njombe aliyehangaika na uzazi miaka mitano, akapunguzwa tumbo, mwezi wa nne baada ya upasuaji akashika mimba. Madaktari hushauri kusubiri mwaka mmoja hadi mwaka na nusu, kwa sababu mwili unaopungua kwa kasi hauna akiba ya kumlisha mtoto. Anasema hakuna aliyemtajia uzazi wa mpango. Nadhani walimwona tasa, wakaona hauhusu. Mtoto alizaliwa salama, mdogo. Na yuko mama mmoja wa Kihesa, Iringa, ambaye hana lawama hata moja. Presha imetulia, pete ya ndoa imerudi kidoleni, anapanda jiwe la Gangilonga na wajukuu. Ukimwuliza kilichomsaidia anakwambia mwanawe ni muuguzi Dodoma na kila Jumapili anampigia simu: umekunywa vidonge, umekula maharage, choo kikoje. Sisi wengine hatukuzaa muuguzi.

Na picha. Wakurugenzi, hili ni lenu. Mwezi wa nane nilijikuta kwenye ukurasa wa Instagram wa hospitali, "kabla" na "baada", macho yamefunikwa kwa utepe mweusi. Wanafunzi wa kidato cha tatu walinitambua kwa kitenge. Ridhaa mnayosema niliitoa ilikuwa katikati ya fomu niliyosaini nikiwa nimeshavaa gauni la kijani la kuingilia upasuaji. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 ilianza kutumika Mei 1, 2023, na habari za afya ya mtu zimo. Niliomba picha itolewe, ikachukua siku kumi na moja. Aliyekuwa anajibu ujumbe wangu aliniandikia kwamba nimependeza.

Ninachoomba hakihitaji jengo. Mgonjwa anapopangiwa tarehe ya kupasuliwa aulizwe anaishi wapi na akitapika usiku atakimbilia hospitali gani, na hospitali hiyo ipelekewe barua kabla, ya Kiswahili au Kiingereza, yenye maneno kamili badala ya herufi tatu. Aondoke na kadi, kama ile ya kliniki ya wajawazito, iliyoandikwa alichofanyiwa na mambo ya hatari: mapigo ya moyo yakienda mbio na homa na maumivu ya tumbo wiki za mwanzo, mshono wa tumboni huenda unavuja; akitapika siku nyingi, B1 kabla ya glukosi; dawa za sukari na presha zipimwe upya; diklofenaki ya maumivu asipewe ovyo. Hilo la mwisho lisomwe na wauza dawa wa Mwanjelwa, ambao ukisema "ai" wameshakufungia kumi.

Hospitali ya Rufaa ya Kanda Mbeya ipo, na wagonjwa wa mikoa yote niliyoitaja juu huelekezwa pale. Naomba siku moja tu kwa mwezi, meza moja ndani ya kliniki iliyopo. Kinachofanyika kliniki ya Dar ni kupimwa uzito, kutolewa damu ya kuangalia wingi wa damu, B12, madini ya chuma na kalsiamu, na kuulizwa maswali. Vitamini tunameza maisha yetu yote, kwa hiyo vipimo hivi haviishi mwaka wa kwanza. Daktari wa Dar apokee majibu kwa simu, nami nibaki darasani. Mizani ya kufika kilo 200 na vitambaa vipana vya presha naviacha kwa Waganga Wakuu wa Mikoa, nikiamini hamtataka tuendelee kuwasumbua wafanyabiashara wa mahindi.

Mheshimiwa Waziri, bima yangu ilikataa, ikaandika ni upasuaji wa hiari. Nililipa kwa mkopo wa SACCOS na bado nakatwa. Sibishani na hilo leo. Lakini Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya 2023 inapoendelea kutekelezwa, vipimo na vitamini vya baada ya upasuaji viingizwe kwenye kitita hata kama kisu chenyewe hakimo. Na hospitali zitamke bei ya miaka, siyo ya siku tatu. Mimi nilitajiwa ya siku tatu.

Kuhusu chakula, niliondoka Dar na karatasi nzuri ya rangi. Imeandikwa samoni, brokoli, mtindi wa Kigiriki, protini gramu 60 kwa siku. Niliibandika jikoni nikawa naitazama. Aliyeniokoa ni afisa lishe wa halmashauri, dada ambaye nilimkuta ofisini na kikokotoo cha simu. Akaandika upya nyuma ya karatasi ile ile: usipa, wale dagaa wa Kyela, waliokaushwa, wa kusagwa, vijiko vingapi, maharage yaliyochujwa ganda, mayai, maziwa mgando, kande hapana, mpaka mwezi wa tatu baada ya upasuaji. Kisha akaniuliza nakaa wapi, ili ajue kama maziwa nitayapata karibu.

Sasa nina kilo 84. Kliniki yangu ijayo ni mwezi ujao, Dar, na kiti nimeshakata, cha upande wa mlangoni ili niweze kushuka.

Wenu katika ujenzi wa taifa,

Mwalimu, Uyole, Mbeya.

Nakala:
Afisa lishe wa halmashauri.
Daktari wa intani aliyekuwa zamu usiku ule, popote alipopangiwa.